Injini ya Abeli haikuwa ya reli ya Chikalanga

Jua halijavuka mlima bado, na upepo wa Juni unaoshukia Mpwapwa unakaza ngozi za mikono. Edina Ndahani amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, bati amelibana kwa magoti, mkasi unafuata mstari alioukwaruza kwa msumari. Anakata bila haraka. Kila akifika kwenye kona anasimama, anageuza bati, kisha anaendelea.

Anatengeneza tranka la mwanafunzi wa bweni. Mwili wa tranka umeshakunjwa. Sasa anakata mfuniko.

"Mwenye nalo anatoka Kibakwe, anakuja mchana," anasema. "Akikuta halina pa kufungia kufuli atanisema mpaka Krismasi."

Mafundi bati wengi hufanyia kazi ndani, ili upepo usiyumbishe mabati. Edina naye alikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Leo anafanyia kazi nje, chini ya kibanda cha turubai, kwa sababu karakana yake imejaa reli.

Ni reli ndogo ya kuchezewa mezani, ila Edina hapendi iitwe ya kuchezea. Mataruma yake, yanayobeba reli, ni vipande vya mbao za makreti. Reli zenyewe ni spoku za baiskeli zilizonyooshwa moja moja kwa nyundo. Mabehewa yamekatwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, na ukiinama vizuri utaona bado maandishi ya kiwandani chini ya rangi. Chini ya meza kuna pedeli ya baiskeli na mshipi wa kuvulia samaki. Mtu akizungusha pedeli, treni inatembea.

Watu hutoka mbali kuja kuitazama. Lakini kilichoifanya isemwe zaidi ni kichwa kimoja cha treni, injini kubwa ya mvuke ambayo haikupaswa kuwa pale kabisa.

Edina, mwenye umri wa miaka 58, alizaliwa Chikalanga, kijiji kilichoko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Reli ya Kati. Miaka ya hamsini, enzi za mashamba makubwa ya karanga, kijiji hicho kilikuwa na tawi lake la reli. Mashamba yalipokufa, tawi likang'olewa. Edina hakuliona. Alichokikuta ni tuta refu la udongo ambalo mbuzi hupenda kulala juu yake wakati wa mvua.

Baba yake, Mzee Elieza Ndahani, alikuwa mmoja wa vijana wa genge la reli, wale waliokuwa wakikagua njia kwa miguu na kukaza misumari ya mataruma. Reli ilipoondoka, akajifunza kazi ya bati kwa fundi mmoja wa Mpwapwa mjini, na baadaye akamfundisha binti yake.

"Hakuwa na mtoto wa kiume aliyetaka kukaa chini," Edina anasema. "Mimi nilikaa. Wateja walikuwa wakiingia wananiuliza fundi yuko wapi. Nawaambia subirini, anakuja. Nampa mtu ndoo yake imezibwa, ndipo anaelewa kwamba alishakuja."

Kazi hiyo imemlea. Shule zikikaribia kufunguliwa hubakiwa na kama laki tatu kwa mwezi. Miezi mingine ni ya faneli, majiko na kuziba ndoo, na mtu anashukuru akipata ya unga na mboga.

Mzee Elieza alipozeeka, macho yalipoanza kumwacha, alikuwa akikaa mlangoni mwa karakana na kuwasimulia wajukuu habari za treni ya Chikalanga. Watoto hawakumwamini. Siku moja mmoja wao alimwambia, kwa adabu yote, kwamba labda anachanganya na Dodoma.

"Baba alinyamaza," Edina anakumbuka. "Hakukasirika. Alinyamaza tu, na mimi niliona kwamba anaanza kujitilia shaka mwenyewe."

Siku iliyofuata Edina alikata kopo akatengeneza behewa dogo la mizigo, akaliweka mikononi mwa baba yake. Mzee akalipapasa. Akasema milango ilikuwa ya kusukuma pembeni, si ya kufungua. Edina akabadilisha. Mzee akalipapasa tena, akasema, "Ehe. Hili ndilo."

Hivyo ndivyo reli ilivyoanza. Baba yake alifariki kabla haijafika stesheni ya Chikalanga, lakini Edina hakuacha. Alizunguka kwa wazee waliobaki, akauliza, akapima tuta kwa hatua zake, akarudi mezani. Akajiwekea kanuni moja: kilichokuwepo kiwepo, kisichokuwepo kisiwepo.

Kanuni hiyo haikuwa ya maneno matupu. Aliwahi kutengeneza tenki zuri la maji lenye miguu minne na bomba linalozunguka, kazi ya wiki nzima. Bibi mmoja wa Chikalanga, Mwamvua, aliyekuwa akiuza uji stesheni akiwa msichana, alilitazama akacheka. Akasema maji yalikuja kwa mapipa; tenki la nini? Edina alilibandua siku hiyo hiyo. Sasa ni kinywesheo cha kuku.

"Ningeliacha, nani angejua?" anauliza. "Lakini nilianza kazi hii kwa sababu watoto walimwona baba yangu mwongo. Nikiweka uongo mmoja mle ndani, hata mzuri, nimewapa haki."

Treni iliyofika Chikalanga ilivutwa na kichwa kidogo, kifupi, ambacho watu wa huko walikiita Kimbuzi kwa jinsi kilivyopanda vilima kwa kishindo na makelele. Edina alikitengeneza mara tatu mpaka wazee wakakubali. Reli yenyewe ilikuwa nyepesi, na daraja la mto lilikuwa la mbao. Kizito hakikuweza kupita.

Mumewe, Abeli Masinga, anavijua vizito.

Abeli, mwenye miaka 66, alikuwa fundi wa karakana za reli tangu ujana wake. Alizikuta injini za mvuke zikiwa mwishoni, zikitengenezwa kwa vipuri vilivyotolewa kwenye wenzao waliokufa. Zile kubwa ndizo alizozipenda: injini ndefu zenye tenki la maji mbele, boila katikati na mafuta nyuma, zinazojipinda kama mwili wa nyoka kwenye kona. Alistaafu akarudi Mpwapwa, akawa anamsaidia mkewe kukunja mabati.

Miaka mitatu iliyopita alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakakwama. Anaelewa kila kitu anachoambiwa. Kujibu ndiko kugumu.

"Alikuwa mtu wa hadithi," Edina anasema. "Akianza habari za karakana, chai inapoa. Halafu ghafla nyumba ikawa kimya. Nilikuwa nazungumza mimi tu, kama redio."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwaambia kwamba mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa mzima, upewe kazi, na wa kulia ujaribiwe kila siku hata ukigoma. Edina akampa mumewe koleo, vipande vya bati na kigoda kando ya meza ya reli. Hakumwambia atengeneze nini.

Abeli alifanya kazi kwa karibu mwaka mzima. Alikata kwa mkono wa kushoto, bati akalishikiza kwa goti au kwa jiwe. Alipohitaji kulehemu, alimgusa Edina begani, naye akaja kushika. Edina aliona boila ikiumbika, kisha tenki, kisha magurudumu mengi madogo ambayo kila moja lilikuwa kifuniko cha chupa ya soda kilichopondwa na kutobolewa katikati. Alijua ni nini. Alijua pia kwamba haikuwa ya Chikalanga.

"Sikusema," anasema. "Kwani ningesemaje? Mtu alikuwa amelala kitandani anatazama dari, sasa anaamka kabla yangu."

Mwezi wa nane mwaka jana, Violeth Sangula, mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, aliomba kuleta wanafunzi wake kuiona reli. Alikuja pia na mgeni, Mzee Cornel Komba, dereva wa treni mstaafu anayeishi Area D, Dodoma. Mwalimu alikuwa na mpango: chuoni Chimwaga kungekuwa na maonyesho ya historia ya mkoa, na alitaka reli ya Chikalanga iende. Lakini alihitaji mtu anayejua treni aithibitishe.

Asubuhi hiyo Edina alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni. Aliporudi karakanani, alimkuta Abeli amekaa kando ya meza, amevaa koti lake la zamani la kazi, la bluu, na vifungo vyote amevifunga. Kuvifunga vifungo kwa mkono mmoja humchukua muda mrefu. Mbele yake, kwenye stesheni ya Chikalanga, ilisimama injini yake. Ilikuwa imezidi jukwaa la abiria mbele na nyuma. Kimbuzi kilikuwa kimesogezwa pembeni.

Edina alisimama na birika mkononi. Kisha akaenda kuwapokea wageni.

"Shikamoo, mama," wanafunzi walisema wakiingia mmoja mmoja.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mzee Cornel aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma. Alilisifu daraja. Alivisifu vishikizo vya mabehewa. Halafu akafika kwenye stesheni, akainama, akatabasamu.

"Mama, kazi ya namna hii sijapata kuiona," alisema kwa sauti yake ya kuzoea kelele za injini. "Lakini huyu mkubwa kafuata nini huku? Huyu angeshuka na daraja zima mpaka korongoni. Mwondoe huyu, si wa hapa."

Wanafunzi wakacheka. Hakukuwa na ubaya. Mzee alikuwa amelisema kama utani, na hakuna aliyekuwa amemwambia ni kazi ya nani.

Abeli aliichukua fimbo yake. Akainuka kwa shida, akaipita meza, akawapita wanafunzi, akatoka.

Violeth anasema ndipo alipoelewa. "Niliona lile koti," anasimulia. "Nikamtazama mkewe, Mama Devota, naye alikuwa ameinamisha uso. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyemleta yule mzee."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Abeli hakurudi karakanani. Mazoezi aliyakataa; akinyooshewa mkono wa kulia, aliurudisha kifuani kwa kushoto. Edina aliiondoa injini mezani akaiweka kwenye rafu, akidhani huenda kuiona pale kunamuumiza. Abeli aliiona kupitia mlango, akageukia ukuta. Edina akairudisha mezani. Abeli hakuitazama.

"Nikiiacha, nimeivunja kanuni ya baba," Edina anasema. "Nikiitoa, nimemtoa mume wangu. Nililala hapo katikati."

Akaanza kuitafutia injini sababu.

Kwanza alijiambia kwamba huenda ililetwa siku moja kupima njia, wakubwa walipotaka kujua kama reli ingebeba mizigo zaidi. Alimpelekea Abeli hadithi hiyo pamoja na uji. Abeli alikunywa uji. Siku nyingine akasema labda ilipotea: mtu wa kugeuza njia alisinzia, injini ikaingia tawini usiku. Safari hii Abeli alimtazama, na pembe ya mdomo wake ikainuka kidogo upande ule unaoweza kuinuka.

"Nilifurahi kwamba amecheka," Edina anasema. "Lakini alikuwa ananicheka mimi."

Mzee Cornel naye hakuwa na amani kule Area D. Alipoelezwa na mwalimu ni nani aliyeitengeneza ile injini na kwa mkono upi, baada ya siku mbili alipiga simu Mpwapwa.

"Mama, nisamehe. Ningejua nisingefungua mdomo," alimwambia Edina. "Nimefikiri. Iko njia. Sema kwamba ilivutwa ikiwa baridi. Injini iliyochoka, moto umezimwa, haina maji wala mafuta, inapelekwa Chikalanga kuwa boila ya kiwanda cha kukamua karanga. Mambo hayo yalikuwa yakifanyika mahali pengi. Hakuna mtu atakayekupinga."

Edina alikaa na maneno hayo. Yalikuwa mazuri kuliko yote aliyoyabuni mwenyewe. Injini ikiwa tupu ni nyepesi zaidi. Kiwanda cha kukamua kilikuwepo kweli. Wazee walikwisha kumweleza. Alikata bati, akakunja kuta, akaweka bomba la moshi. Kiwanda kilipokamilika, alimshika Abeli mkono, akamwomba aje aone mara moja tu.

Abeli alikuja. Edina akamweleza yote, kuanzia moto kuzimwa mpaka boila kufungwa kiwandani. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto akagusa daraja la mbao.

"Da-raja," alisema.

Edina hakuelewa. Abeli akagusa injini, akagusa daraja tena, akatikisa kichwa. Chuma ni chuma. Hata moto ukizimwa na tenki likimwagwa, uzito uliobaki usingepita pale. Alikuwa fundi wa injini zile kwa miaka mingi, na hakutaka uongo mezani, hata uliobuniwa kwa ajili yake.

Edina anakiri kwamba alishikwa na hasira. Kiwanda kile kilikuwa kimemchukua muda ambao angetengeneza matranka.

"Nikamwambia, Baba Devota, kama unajua haipiti, kwa nini uliiweka pale mbele za watu?"

Abeli alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu tena. Edina alimsubiri, kama alivyofundishwa na mtaalamu, bila kummalizia.

"Ha-kuna," alisema Abeli. Akapumua. "Pengine."

Hakuna pengine.

Edina alikaa chini kwenye kigoda. Aliitazama meza kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Spoku zilianzia ukutani, karibu na mlango, zikaenda Chikalanga, zikaishia pale. Hapakuwa na reli nyingine ndani ya chumba kile. Mtu aliyekuwa ametengeneza injini kwa mwaka mzima, akitaka siku moja isimame relini, angeisimamisha wapi?

"Alikuwa hajadai kitu," Edina anasema polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa nahangaika kuitafutia sababu. Yeye alikuwa anaitafutia mahali."

Mahali pake palijulikana. Tawi la Chikalanga lilichomoka kwenye Reli ya Kati, kwenye stesheni ndogo ambayo wafanyakazi waliiita Njiapanda. Pale Kimbuzi kilisubiri mabehewa ya karanga yakibadilishwa njia, na pale injini kubwa zilipita zikielekea Dodoma na Tabora au zikirudi pwani. Mzee Elieza alikuwa amemsimulia binti yake mara nyingi. Edina hakuijenga Njiapanda kwa sababu moja tu: chumba kilikuwa kimekwisha. Palipopaswa kuwa Njiapanda palikuwa na benchi lake la kazi.

Jioni hiyo alimwomba jirani yake, Kefa, amsaidie kubeba. Benchi likatoka nje, na mapipa ya makaa, na mabati yote. Kefa alimuuliza kama anahama.

"Nilimwambia sihami, napisha treni," Edina anasema. "Akaniangalia, akaenda zake. Baadaye alirudi na turubai."

Kufanyia kazi nje kumekuwa na gharama yake. Upepo wa kiangazi hupeperusha bati likamkata, na vumbi huingia kwenye lehemu. Mvua za Januari, msimu ule ule wa matranka, zilimlazimisha kufanya kazi kwa vipande, akikimbiza bati ndani kila wingu likija. Wateja wawili watatu walikwenda kwa mafundi wengine.

Lakini ndani, Abeli alikuwa amerudi. Mataruma ya Njiapanda ni kazi yake yote. Aliyakata, akayapanga, na taruma lililokaa upande alilirudia. Mkono wa kulia, uliokuwa umekataa mazoezi yote, ulianza kushikilia mbao chini wakati wa kushoto ukipigilia. Mwanzoni ulikuwa uzito tu, kama jiwe. Baadaye vidole vikaanza kukunja.

Mzee Cornel alishuka kwa basi kutoka Dodoma akiwa na mfuko wa zabibu. Aliingia kwa Abeli kwanza. Edina alikuwa nje, na anasema hakusikia waliyozungumza, ila alisikia kicheko cha aina mbili. Mgeni alikaa siku tatu, akawaelekeza njia zilivyopishana, ishara ilisimama upande upi, na dereva wa injini kubwa alisimama wapi kusubiri mfuko wa barua kutoka tawini.

"Nilisema si wa hapa," Mzee Cornel anasema sasa. "Nilisema kweli. Lakini mtu ukimwambia si wa hapa, mwonyeshe basi pa kwenda. Mimi sikumwonyesha."

Mwezi uliopita reli iligawanywa vipande vinne, ikafungwa kwa magodoro, ikapakiwa kwenye Canter kwenda Chimwaga. Edina alikaa nyuma pamoja nayo njia nzima, mkono mmoja juu ya daraja. Binti yao Devota, mtumishi wa wizara anayeishi Dodoma, aliwapokea na kuomba ruhusa kazini.

Ukumbini watu walijaa. Wengi walikuwa wanafunzi, na wengi wao treni waijuayo ni ile mpya ya umeme. Moshi wa treni wameuona kwenye picha. Abeli alikaa kwenye kiti upande wa Njiapanda, amevaa koti lake la bluu. Edina alizungusha pedeli. Injini kubwa ilipita kwenye njia kuu, ikasimama. Kimbuzi kikatoka tawini na mabehewa matatu, kikasimama kando yake, kikionekana kama ndama pembeni ya mama yake.

Kijana mmoja wa chuo aliinama, akauliza kwa nini kichwa kikubwa hakiingii kule Chikalanga kikafanya kazi mara moja, badala ya kile kidogo kuhangaika safari nyingi.

Edina alifungua mdomo kujibu. Mzee Cornel naye alishavuta pumzi. Kisha wote wawili wakaona kwamba Abeli ameinua mkono.

"Reli," alisema Abeli.

Watu wakageuka. Devota anasema alikuwa amemshika mama yake kiwiko na hakujua anakibana kiasi gani.

"Reli ya kule," Abeli aliendelea, akilitoa neno moja moja, "ni nye-pesi. Daraja... la mbao. Hii... nzito. Inangoja hapa."

Yule kijana alitikisa kichwa kukubali. "Nimeelewa, mzee. Asante," alisema, akauliza swali la pili, kuhusu tenki la mbele. Abeli akaanza kulijibu.

"Yule mtoto hakujua alichokifanya," Edina anasema. "Aliuliza tu kama mtu anavyomuuliza fundi. Nilitoka nje nikasimama kwanza."

Sasa wamerudi Mpwapwa. Tranka la mtu wa Kibakwe limepata mfuniko, na Edina analehemu pa kufungia kufuli huku akieleza mipango. Anataka kuezeka kibanda cha nje kwa mabati kabla ya mvua, afanye kazi pakavu. Mwalimu Violeth ameomba wanafunzi waje kila muhula, na wazee wa Chikalanga wamesema nao waletwe, hata kwa Canter.

Abeli ana mpango wake. Wiki iliyopita alimwita mkewe karakanani, akamwonyesha pale njia kuu inapogonga ukuta, upande wa magharibi. Akaligonga tofali kwa fimbo. Nyuma ya ukuta huo ni chumba chao cha kulala.

"Dodoma," alisema, bila kukwama.

Edina anasema alimjibu kwamba atafikiri. Hata hivyo ameshamuuliza Kefa kama anajua kutoboa ukuta bila kuangusha nyumba, na spoku ameanza kukusanya.